Mazoezi ya Hiari ya Jumatatu

Kamiozawa, Yamagata
8 Oktoba 2024

Mama mdogo Mitsuyo,

Hujambo huko kisiwani? Mama anasema kwenu Chichijima watu bado wanaogelea, na sisi juzi tumeshatandika blanketi kwenye meza ya joto na kuwasha hita chini yake. Huku wote wazima. Mama bado yuko duka la dawa, anarudi saa kumi na mbili na nusu jioni. Baba kampuni imemng'ang'ania Sendai. Anakuja mara mbili kwa mwezi, anafua mashati, analala, anaondoka. Paka amenenepa hadi aibu.

Najua utashangaa kupata barua yangu. Tumeonana mara moja tu, kwenye mazishi ya babu, nikiwa na miaka saba, na nakumbuka uliondoka kabla ya chakula. Simu yangu imefungiwa kabatini mpaka mitihani ipite, kwa hiyo nilimwambia Mama nitakuandikia kwa mkono. Akasema sawa, angalau mwandiko utanyooka. Nimekuchagua wewe kwa sababu kila nikizembea Mama huniambia, "Usije ukawa kama Mitsuyo, kufuata moyo wako tu." Nikaona basi huyu ndiye wa kuulizwa.

Shida yangu ni Jumatatu. Nikueleze wiki yangu ilivyo. Saa moja asubuhi niko ukumbini, mpira wa wavu. Masomo mpaka saa tisa na dakika arobaini, kisha mpira tena mpaka saa kumi na mbili. Jumanne, Alhamisi na Ijumaa natoka hapo naenda twisheni, nafika nyumbani watu wameshaoga. Jumamosi na Jumapili mechi. Jumatatu walimu wana kikao, na shule imeamuru klabu zote zipumzike. Tangazo limebandikwa ukutani kwa herufi kubwa.

Sasa klabu yetu Jumatatu ina mazoezi ya hiari. Hiari yenyewe ndiyo hiyo: hakuna anayekulazimisha, na tangu niingie shule hii sijaona aliyekosa. Mwalimu wa klabu, Onodera, yuko kikaoni, wala hajui nani kaja. Nahodha wetu Rikako, tuko naye darasa moja, ni mtu mpole kupindukia. Kila Jumatatu husema, "Mwenye shughuli aende tu, jamani." Mimi sina shughuli. Ninachotaka ni kurudi nyumbani jua likiwa bado lipo, nilale chali mkekani kando ya paka, nisifanye kitu. Nilimwambia mwalimu wa darasa, akaniuliza kwa upole lengo la kupumzika huko ni nini. Nimekaa wiki nzima nalitafuta jibu.

Wewe ulifanyaje mpaka ukaweza kufanya utakalo?

Mwanao,
Kotoha


Chichijima
23 Oktoba 2024

Kotoha mwanangu,

Barua yako imefika na meli ya Jumapili, imelowa pembe moja lakini inasomeka. Mwandiko wako haujapinda hata kidogo, mwambie mama yako aache visa. Mimi mzima, mgongo tu. Nyumba ya wageni ina vyumba kumi na viwili, na wageni wa kupiga mbizi wakirudi wanajifuta kwa mashuka badala ya taulo, basi nafua kama niliyelaaniwa. Malimau yameanza kuiva.

Eti nafanya nitakalo. Haya.

Nikupe hila moja, usiniulize nimeitoa wapi. Usiseme unataka kupumzika, maana huko kwetu mtu akisikia hivyo anakuona mgonjwa au mvivu, na yote mawili yanatibiwa. Sema unakwenda kwa daktari wa meno. Daktari wa meno hana mpinzani. Hakuna anayekuomba ufungue mdomo akague.

Kwani bado wanafanya yale mazoezi ya Jumatatu? Nilidhani yalikufa zamani.

Mpe paka samaki kwa niaba yangu. Na Dada, kama wewe ndiye uliyefungua bahasha hii kwanza, salamu.

Mitsuyo


Kamiozawa
19 Novemba 2024

Mama mdogo,

Hatujambo. Theluji ya kwanza imeanguka usiku wa juzi. Mama anakohoa lakini amekataa kulala. Mfanyakazi wa duka la dawa kuugua anaona ni aibu. Mitihani imepita, na simu bado iko kabatini kwa sababu nimeanguka hesabu.

Hila yako imenitia kwenye tope.

Jumatatu ya kwanza nilimwambia Rikako nina daktari wa meno. Akasema pole sana. Nikaenda nyumbani, lakini mlango ulikuwa umefungwa, sina ufunguo, kwa hiyo nikazunguka nyuma ya hekalu nikakaa kwenye ngazi mpaka Mama akarudi. Ilikuwa baridi, na hata hivyo nilifurahi. Niliona mtaa wetu mchana. Kumbe kuna nyumba imepakwa rangi ya bluu kabisa, na mimi napita pale kila siku.

Jumatatu ya pili, daktari tena. Rikako akauliza kama inauma. Nikasema kidogo. Jumanne asubuhi nikakuta kwenye kabati langu la viatu jeli sita za pichi, laini, za mtu asiyeweza kutafuna. Wamechanga wote. Wadogo wa mwaka wa kwanza wameandika kadi.

Jumatatu ya tatu nikaenda tena kwa daktari, yaani kwenye ngazi za hekalu. Kumbe wamekubaliana wasinipunje mazoezi. Wakakaa ukumbini wamevaa makoti, hawajagusa mpira, wakinisubiri nitoke kwa daktari tuanze pamoja. Wamekaa hivyo mpaka saa kumi na mbili, watu kumi na mmoja. Rikako aliponiambia kesho yake hakunilaumu hata kidogo. Alisema, "Bila wewe hatujioni kama timu." Ningeomba anipige makofi kuliko hilo.

Basi jana nimerudi kwenye mazoezi. Nimesema meno yamepona. Wakanipigia makofi.

Hakuna wa kumkasirikia, ndiyo maana nakosa pumzi. Angekuwepo mtu mkali hapa ningejua pa kusukuma. Nani hasa alianzisha jambo hili?

Kotoha


Chichijima
4 Desemba 2024

Kotoha,

Pole mwanangu. Nimecheka kwenye jeli, kisha sikucheka tena.

Bahari imechafuka, barua hii itachelewa. Nimekutumieni sanduku la malimau. Mama yako akate vipande aloweke kwenye asali, anywe na maji ya moto, kikohozi kitakwisha. Mwambie mimi ndiye nimesema, halafu mwambie si mimi, anywe tu.

Nani alianzisha, hilo halikusaidii. Yalikuwepo, basi. Wewe fikiria namna ya kutoka.

Mashuka yananingoja.

Mitsuyo


Kamiozawa
28 Desemba 2024

Mama mdogo,

Malimau yamefika, asante. Mama amekunywa na kikohozi kimepungua, ingawa alisema ni dawa ya dukani. Baba yuko hapa mpaka tarehe tatu. Kesho tunakwenda kumsaidia bibi wa jirani kuponda wali wa kutengenezea mikate ya mwaka mpya.

Jana klabu ilikuwa na usafi wa mwisho wa mwaka. Tulisukuma makabati ya chumba cha kubadilishia nguo ambayo nadhani hayakuwahi kusukumwa. Nyuma yake kulikuwa na ubao mrefu wa mwerezi, mweusi kwa vumbi, umeandikwa majina ya manahodha wote kwa wino wa brashi, na chini ya kila jina alichoiachia klabu. Mmoja alileta wavu mpya. Mmoja alianzisha wimbo wa kujipasha moto, ule tunaouimba hadi leo. Rikako akawa anatusomea kwa sauti, sisi tunafuta vumbi.

Akafika kwa nahodha wa kumi na tisa. Serizawa Mitsuyo. Alianzisha mazoezi ya hiari ya Jumatatu.

Wote wakanigeukia. Serizawa wa mji huu ni sisi tu, ukoo wa mama. Rikako akashika mikono yangu, akasema mbona hukutuambia una damu ya namna hiyo. Sasa wanataka nisimulie habari zako mbele ya wadogo.

Usiku nilimuuliza Mama. Alikuwa anasugua jiko. Nikasema, "Mama mdogo ndiye aliyeanzisha Jumatatu, ulijua?" Hakugeuka. Akasema, "Muulize mwenyewe." Akaendelea kusugua sehemu ileile ambayo ilikuwa imeshang'aa.

Nakuuliza mwenyewe.

Kotoha


Chichijima
20 Januari 2025

Kotoha mwanangu,

Heri ya mwaka mpya, japo mwaka wenyewe umeshachakaa. Meli imepelekwa kwenye ukarabati wake wa kila mwaka, wiki tatu hatuna meli, barua yako iliwahi meli ya mwisho, ila hii itachelewa kuja. Dukani hakuna maziwa wala karoti. Watu wamekuwa wakali, wanagombania mayai. Nyangumi wamefika, tunawaona kutoka dirisha la chumba cha kufulia.

Umenisaidia kukumbuka ubao ule. Maandishi yale aliyaandika mzee mmoja wa posta. Mbao nzuri.

Soma kwa bidii. Hesabu haina siri, ni kurudia tu.

Mitsuyo


Kamiozawa
13 Februari 2025

Mama mdogo,

Sisi wazima. Theluji imefika dirishani.

Nimekuuliza jambo moja, umenijibu nyangumi na mayai. Mimi hapa watu wazima wote ni wapole na hakuna anayejibu. Nilidhani wewe ni tofauti. Kama nawe huwezi kusema, basi niambie hivyo, nisipoteze stempu.

Kotoha


Chichijima
24 Februari 2025

Kotoha,

Leo salamu zitangoja. Nimeandika barua hii mara tano, na nne nimezitia motoni.

Babu yako alikuwa kinyozi, na vinyozi wa mji ule hufunga duka Jumatatu. Siku sita alikuwa mtu wa watu, mcheshi, kila mzee wa Kamiozawa atakuambia. Siku ya saba alikuwa wetu. Alikaa chumba cha mbele na chupa yake tangu asubuhi, na ikifika saa kumi alikuwa anatafuta wa kumkosea. Hakupiga kila Jumatatu. Hilo ndilo lilitumaliza, maana hatukujua itakuwa Jumatatu ipi. Bibi yako alikuwa kiwandani mpaka usiku, na akirudi hakuuliza.

Waliponichagua nahodha, niliwaambia wenzangu Jumatatu tufanye mazoezi kwa hiari yetu, tuwashangaze watu kwenye mashindano ya wilaya. Nilisema uongo. Sikujali mashindano. Nilitaka pa kukaa mpaka saa kumi na mbili. Nikasema asiyeweza asije, na moyoni nikaomba waje, kwa sababu ukumbi haufunguliwi kwa mtu mmoja. Wakaja wote. Alikuwepo mmoja, Ayako, baba yake dereva wa lori la masafa marefu, na Jumatatu ndiyo siku pekee ya kumwona nyumbani. Naye alikuja. Nilimwona akitazama saa ya ukutani, nikamwambia atazame mpira. Nilijua anatazama nini, Kotoha. Nilijua vizuri.

Na mama yako. Alikuwa na miaka kumi na saba, na shule yake ilitoka mapema. Mimi nilijitafutia kimbilio, yeye nikamwacha ndani. Nilikuwa narudi saa kumi na mbili na nusu nakuta sakafu imepanguswa na Dada anakata vitunguu. Alikuwa ananipakulia chakula. Hakuniambia kitu, nami sikumuuliza, na mpaka leo hatujawahi kulisema. Ndiyo sababu nikaenda mahali ambapo meli inafika mara moja kwa wiki. Unaniona niliyefuata moyo wangu. Mimi nilikimbia tu, na bado nakimbia.

Nadhani ndiyo maana hakutetei. Kwake yeye mtoto aliye ukumbini Jumatatu yuko salama. Babu yako amekufa miaka saba, lakini mama yako hajaamini. Dada, kama umesoma hii kwanza, hapa ninakuomba radhi. Nilipaswa kukuomba nikiwa na miaka kumi na minne.

Ndani kuna bahasha nyingine. Mpe Rikako aisome mbele ya wote. Huko kwetu neno la aliyetangulia lina uzito kuliko la mwalimu mkuu, basi walau mara hii lifanye kazi nzuri.

Mitsuyo


Kamiozawa
11 Machi 2025

Mama mdogo,

Huku hatujambo, na theluji ya barabarani imeanza kuwa matope.

Barua yako Mama aliisoma kabla yangu. Najua kwa sababu bahasha ilikuwa imegundishwa tena kwa uangalifu mno. Usiku ule hakula. Asubuhi, akinifungia chakula cha mchana, aliweka ufunguo wa nyumba juu ya kifurushi. Akasema, "Jumatatu ukitaka, rudi." Nina miaka kumi na minne na sijawahi kuwa na ufunguo, kwa sababu kila siku nilitegemewa kufika baada yake. Kuhusu wewe hakusema chochote, ila jana nimeona amenunua karatasi za barua.

Ijumaa Rikako alisoma bahasha yako mbele ya klabu. Alisoma vizuri, wima, kama anavyosoma kila kitu. Alipofika pale ulipoandika kwamba hukuanzisha kwa ajili ya ushindi, ulianzisha kwa sababu hukutaka kurudi nyumbani, aliacha kusoma. Akaomba maji. Kisha akamaliza: mazoezi ya Jumatatu yanafutwa, aliye na mahali pa kwenda aende. Wadogo walilia. Tulikubaliana sote, kwa kuinua mikono, kwamba Jumatatu hakuna mazoezi, na Rikako akasema hatachukua ufunguo wa ukumbi ofisini.

Jana Jumatatu, kengele ya mwisho ilipolia, nikaona nipitie ukumbini mara moja tu, kuhakikisha hakuna mtu. Kumbe kila mmoja ameona vivyo hivyo. Tulikuwa kumi na wawili mbele ya mlango uliofungwa, na mabegi yetu, kwenye matope. Kila mmoja alikuwa amekuja kuona kama wengine wamekuja. Hakuna aliyecheka. Mmoja akasema labda tungoje kidogo, huenda kuna anayekuja. Dakika kumi zikapita, zikawa ishirini. Hatukuwa na mpira wala wavu wala mwalimu, na hatukuweza kuondoka, kwa sababu lazima awepo wa kwanza.

Sikudanganyi, Mama mdogo. Nilijiambia nitaenda fulani akienda. Halafu nikaona mdogo mmoja wa mwaka wa kwanza anatazama saa yake kwa siri, anaifunika kwa mkono wa koti. Nikainama, nikasema kile tunachosema kila siku, "Samahani, natangulia."

Yule mdogo akaniuliza kama ni meno tena.

"Hapana," nikasema. "Sina shughuli yoyote. Nakwenda nyumbani kukaa."

Nikaenda. Masikio yalikuwa yanawaka moto mpaka nimevuka daraja. Nikafungua mlango kwa ufunguo wangu. Jua lilikuwa limeingia mpaka katikati ya chumba, sikujua kwamba linafika pale. Nikalala chali. Paka akaja. Labda nilikaa robo saa, na nilikuwa na furaha mpaka nikaogopa.

Kengele ya mlango ikalia. Alikuwa Rikako, na begi lake mgongoni, peke yake. Nilidhani amekuja kunirudisha.

"Kuna mtu ndani?" akauliza.

Nikamwambia hakuna, Mama hurudi saa kumi na mbili na nusu.

"Naweza kukaa mpaka hapo?" Akatazama chini kwenye viatu. "Ulisema huna shughuli. Wengine wote wana mahali pa kwenda. Kwetu Jumatatu si pazuri."

Hakusema zaidi, nami sikuuliza, nikakumbuka kwamba ndivyo mlivyofanya wewe na Mama, na bado sikuuliza. Nilimwekea chai na biskuti za mchele. Alikaa kwenye meza ya joto magoti yakiwa pamoja, begi hajalivua, anatazama saa. Nisikufiche, niliudhika. Ilikuwa Jumatatu yangu ya kwanza. Halafu nikaona haya, halafu nikaudhika tena. Saa kumi na mbili kamili alisimama, akainama, akasema asante kwa kazi ya leo, kama tunavyoagana ukumbini. Mlangoni akaniuliza kama Jumatatu ijayo nitakuwepo.

Nikasema nitakuwepo.

Kwa hiyo Jumatatu siwezi tena kwenda popote, na safari hii hakuna jina la kulitafuta nyuma ya kabati. Nimesema mwenyewe. Wewe uliwahi kuwa Rikako. Zile Jumatatu, kama kungekuwa na mtu wa kukufungulia mlango, ungetaka akuulize, au ungetaka akumiminie chai anyamaze? Najua jibu halitawahi, lakini nijibu na meli ya kwanza. Leo ni Jumanne, nina siku sita.

Kotoha